‘Give Up’ Si Kiingereza cha Mtaani

Katika madarasa ya Kiingereza ya sekondari, Kenya na Tanzania, ipo orodha ambayo imeandikwa ubaoni kizazi baada ya kizazi. Upande wa kushoto: ‘give up’, ‘give in’, ‘give out’, ‘give away’, ‘give off’. Upande wa kulia, mbele ya kila kimoja, neno moja lenye asili ya Kilatini au Kifaransa. ‘Give up’ hupewa ‘abandon’ au ‘surrender’. Mwanafunzi huambiwa akariri tu, kwa sababu vitenzi hivi havina mantiki: ‘give’ ni kutoa, ‘up’ ni juu, lakini ukiviunganisha hupati kutoa juu, unapata kukata tamaa. Kisha huambiwa jambo la pili, nalo humganda kuliko la kwanza: kwamba vitenzi vya maneno mawili ni vya mazungumzo tu, Kiingereza cha mtaani, na mtu aliyesoma akiandika insha, barua ya kazi au ripoti huviondoa na kuweka lile neno la upande wa kulia.

Mafundisho yote mawili si kweli. Nasema hivyo bila kulainisha, kwa sababu yanatolewa kwa watoto wasio na namna ya kuyapinga, katika lugha ambayo ndiyo wanayofanyia mitihani ya historia, biolojia na jiografia. Sina ugomvi na walimu. Wengi wao waliipokea orodha hiyohiyo kutoka kwa walimu wao. Ugomvi wangu ni na orodha yenyewe na dharau iliyofungwa ndani yake.

Tuanze na umri, maana anayekiita kitenzi hiki cha mtaani hudhani pia kwamba kimezuka juzi. Mwaka 1135 Stephen alitwaa ufalme wa Uingereza, na nchi ikaja kuingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati yake na binamu yake Matilda. Mwaka 1139, mjini Oxford, Stephen alimkamata Roger, askofu wa Salisbury, na mpwa wake Alexander, askofu wa Lincoln, pamoja na chansela wa ufalme aliyekuwa wa ukoo huohuo. Ukoo huo ulikuwa umejilimbikizia ngome kiasi cha kumtia mfalme hofu. Mtawa mmoja wa Peterborough, akiandika yapata mwaka 1154, alisimulia kwamba mfalme aliwaweka watu hao kifungoni mpaka walipozitoa ngome zao. Kitenzi alichotumia, kwa tahajia ya siku zake, ni ‘iafen up’. Hiyo ndiyo ‘gave up’ yetu ya leo, na hati yenyewe ingalipo katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Huyo hakuwa mchuuzi wala manamba wa bandarini. Alikuwa mtawa msomi, akitunza kumbukumbu za mwaka kwa mwaka za nyumba yake ya kidini, na habari aliyoiandika ni ya mfalme na maaskofu. Zaidi ya miaka 850 iliyopita, mtu wa namna hiyo alipotaka kitenzi cha kusimulia jambo zito la dola, alichagua ‘give up’. Wakati huo ‘abandon’ na ‘surrender’ yalikuwa hayajaingia katika Kiingereza. Yalikuja karne mbili tatu baadaye, kutoka Kifaransa. Kwa hiyo tunapomfundisha mtoto kwamba ‘surrender’ ndilo neno lenye heshima na ‘give up’ ni la kufichwa, tunamfundisha kumtukuza mgeni na kumfukuza mwenye nyumba.

Na huyo mgeni mwenyewe ameundwaje? ‘Surrender’ linatokana na Kifaransa cha kale, ‘surrendre’. ‘Sur’ ni juu. ‘Rendre’ ni kutoa, kurudisha. Ndani ya ‘surrender’, basi, mna kutoa na mna juu, vitu vilevile viwili ambavyo mwalimu alisema havina mantiki vikikaa pamoja katika ‘give up’. Tofauti ni kwamba Wafaransa walikitanguliza kile kijineno na kukigandisha kwenye kitenzi, ilhali Waingereza walikiacha nyuma kikiwa huru. Mwanafunzi anayefuta ‘give up’ akaandika ‘surrender’ hajatoka penye wazimu kwenda penye akili. Muundo ni uleule, na kilichobadilika ni kwamba sasa hauonekani.

Ndugu wa Kiingereza wanao muundo huu pia. Mjerumani husema ‘aufgeben’, Mholanzi ‘opgeven’, Mswidi ‘ge upp’. Zote zimejengwa kwa kutoa na juu. Watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia mashariki mwa Uingereza, eneo ambalo Peterborough imo, walikuwa na ‘gefa upp’ yao. Mjerumani huandika ‘aufgeben’ katika riwaya, katika hukumu ya mahakama na katika tasnifu ya uzamivu, na hakuna anayemwambia atafute neno la Kilatini ili aonekane amesoma.

Dharau ilitoka wapi, basi? Ilitoka kwenye historia ya madaraka. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya sheria, Kilatini kikabaki lugha ya kanisa na elimu, na Kiingereza kikashuka kuwa lugha ya walimaji. Maneno yaliyokuja kutoka juu yalikuja na heshima ya walioyaleta. Karne ya 18 ilipofika, wanasarufi wa Uingereza wakakipima Kiingereza kwa rula ya Kilatini, na kila ambacho Kilatini hakikuwa nacho kikatazamwa kwa mashaka. Ajabu inayonichoma ni kwamba sisi, ambao lugha zetu zimeonja dharau ya aina hiyohiyo, ndio tunaoiendeleza dhidi ya nusu ya Kiingereza iliyo ya wenyeji wake.

Wapo wanaomtaja Samuel Johnson kama shahidi wao. Ni kweli kwamba katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755 aliviona vitenzi hivi kuwa mzigo mkubwa kuliko yote kwa mgeni anayejifunza Kiingereza, na alikiri kwamba vingine vimekwenda mbali na maana ya maneno yanayoviunda hata hakuna werevu unaoweza kufuatilia njia viliyopitia. Lakini tazama alichofanya baada ya kusema hivyo. Alivikusanya kwa uangalifu, akavieleza kimoja kimoja, ili mgeni asihangaike. Hakuna mahali alipoagiza vitupwe. Na zile njia alizosema hazifuatiliki, wengine wamezifuata. Mwanaisimu Dwight Bolinger alivipa vitenzi hivi kitabu kizima mwaka 1971. Mwaka 1981 Susan Lindner, katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliandika tasnifu iliyovichambua viwili tu kati ya vijineno hivyo, ‘up’ na ‘out’, akaonyesha kwamba maana zake nyingi zimeungana kama matawi ya shina moja.

Shina la ‘up’ si gumu kwa Mswahili. Tunasema suala limepelekwa juu, tunasema amri imetoka juu. Juu ni kwa wenye mamlaka. Ngome za maaskofu zilikwenda juu, kwa mfalme. Mtoro anayejisalimisha polisi, kwa Kiingereza ‘gives himself up’, anajipeleka kwenye mamlaka vilevile. Kisha kuna ‘up’ ya ukamilifu. Ukimimina maji kwenye mtungi, kina hupanda, na kinapofika juu kabisa kazi imekwisha. Ndiyo maana ‘fill up’ ni kujaza mpaka pomoni, ‘eat up’ ni kula ukamaliza, ‘use up’ ni kutumia hadi kitu kiishe, ‘dry up’ ni kukauka kabisa. Ziunganishe hizo mbili na ‘give’, upate kitu kilichokuwa mkononi mwako, ukakiachia chote, kikatoka katika milki yako. Huo ndio moyo wa ‘give up’, na kukata tamaa ni tawi lake moja tu: kilichoachiwa hapo ni matumaini au juhudi.

Orodha ya ubaoni imelifanya tawi hilo kuwa mti mzima. Mabango ya kutia moyo nayo yamesaidia. ‘Never give up’ imetafsiriwa ‘Usikate tamaa’ mara nyingi mno hata watu hudhani tafsiri imeishia hapo. Matokeo yake huonekana mwanafunzi anapokutana na Kiingereza halisi. Mfalme Edward VIII, Desemba 1936, ‘gave up the throne’: aliachia kiti cha enzi, na wala hakukikatia tamaa. Mvutaji ‘gives up smoking’: ameacha sigara. Mtuhumiwa aliyebanwa ‘gives up the names’ za wenzake: amewataja. Familia iliyongoja baharia miaka mingi ‘gives him up for dead’: imemhesabu kuwa amekufa. Na mshereheshaji anayepaza sauti ukumbini ‘give it up for the bride and groom’ anaomba makofi. Nimesikia watu wazima wenye shahada wakijiuliza ni kitu gani maharusi wanakatiwa tamaa usiku wa arusi yao.

Mfano mmoja unastahili kukaliwa kwa kituo. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama, Rosa Parks, mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 42, alikuwa ameketi ndani ya basi akitoka kazini. Mzungu mmoja alikuwa amesimama. Dereva akawaamuru watu weusi wanne wa safu moja wanyanyuke. Watatu wakanyanyuka, Parks akabaki. Alikamatwa, na siku chache baadaye akatozwa faini ya dola 10 pamoja na gharama za mahakama za dola 4. Watu weusi wa Montgomery wakasusia mabasi ya mji kwa siku 381, na ubaguzi ndani ya mabasi hayo ukavunjwa kwa uamuzi wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Kiingereza kinalisimulia tendo lake kwa kitenzi kimoja karibu kila mahali, vitabuni, magazetini na makumbushoni: alikataa ‘to give up her seat’.

Sasa mpe mwanafunzi wa orodha sentensi hiyo. Akitumia kukata tamaa, anapata upuuzi. Akitumia ‘abandon’, anapata kiti kilichotelekezwa, na Parks hakuwa akiombwa kukitelekeza; alitakiwa ampishe mtu fulani kwa sababu ya rangi ya ngozi ya mtu huyo. ‘Surrender’ inakaribia, lakini inaleta harufu ya vita na bendera nyeupe ambayo haikuwamo kwenye amri ya dereva. ‘Give up’ ndiyo inayobeba vyote viwili: kiti kinachotoka kwake, na mamlaka inayokidai. Kiswahili tunalo neno zuri la basini, kumpisha mtu kiti, ila letu lina adabu ndani yake, nalo halisemi lolote kuhusu kulazimishwa.

Parks mwenyewe alitoa somo la pili. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1992 alieleza kwamba watu husema haku-‘give up’ kiti chake kwa sababu alikuwa amechoka, na kwamba hiyo si kweli. Uchovu aliokuwa nao ulikuwa ni wa ‘giving in’. Angalia alivyovipanga vitenzi viwili kila kimoja mahali pake. ‘Give up’ ni kukiachia kitu ulichonacho. ‘Give in’ ni kulegea mbele ya anayekusukuma. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alipozungumza na wanafunzi wa shule ya Harrow tarehe 29 Oktoba 1941, awahimize kamwe wasi-‘give in’. Watu wengi humnukuu akisema ‘give up’, na hukosea. Nchi iliyokuwa imebanwa na Hitler ilikuwa inasukumwa na adui, na kijineno cha kusukumwa ni ‘in’. Wasemaji hawa wawili wa Kiingereza, waliotengwa na bahari, rangi na cheo, walikutana kwenye herufi mbili ambazo orodha yetu inasema hazina mantiki.

Kuhusu heshima ya uandishi, sikatai kwamba vitenzi hivi hujitokeza zaidi katika mazungumzo na riwaya kuliko katika makala za kitaaluma. Sarufi kubwa ya Longman ya mwaka 1999, iliyotokana na uchunguzi wa mamilioni ya maneno yaliyosemwa na kuandikwa, inaonyesha hivyo. Lakini sarufi hiyohiyo inaonyesha kwamba vipo, kama ‘carry out’ na ‘point out’, vilivyo nyumbani kabisa katika maandishi ya wanazuoni. Kitabu cha kemia cha kidato cha pili kinasema gesi ‘is given off’. Mkataba wa upangaji wa Uingereza humtaka mpangaji ‘to give up possession’ ya nyumba. Na watafsiri wa Biblia ya mfalme James, mwaka 1611, walipofika kwenye kifo cha Yesu msalabani, mahali ambapo hakuna Mkristo angethubutu kuweka lugha ya kijiweni, waliandika ‘gave up the ghost’. Kama kitenzi kilifaa hapo, kinafaa katika barua ya kuomba kazi ya ukarani.

Waswahili nasi tuna jibu vinywani mwetu kuhusu hoja ya mantiki. Katika kukata tamaa, kisu kiko wapi? Tunakata tamaa, tunakata roho, tunakata shauri, tunakata rufaa, tunakata tiketi, tunakata kiu, tunakata simu. Tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga magoti. Wakili hukata rufaa na jaji huandika hivyo katika hukumu yake, na hajatokea mwalimu wa Kiswahili wa kuandika ubaoni kwamba hiyo ni lugha ya mtaani isiyo na mantiki. Tunajua, hata bila kufundishwa, kwamba kitenzi chepesi kikiungana na mwenzake hupata uzito mpya, na kwamba uzito huo una njia uliyopitia. Mtoto anayeingia darasa la Kiingereza tayari anacho chombo cha kuielewa ‘give up’. Tunamnyang’anya mlangoni na kumpa orodha ya kukariri.

Hata makosa yanayolalamikiwa katika Kiingereza cha Afrika Mashariki yanathibitisha hili. Tunasema ‘pick me at the stage’ bila ‘up’, kisha tunasema ‘cope up with’ mahali ambapo Waingereza husema ‘cope with’. Wakosoaji huona uzembe. Mimi naona wanafunzi walioambiwa kwamba ‘up’ haina maana, wakaamini, wakaiacha pale ilipohitajika. Na katika ‘cope up with’ naona jambo la kuheshimika zaidi: akili iliyosikia ‘keep up with’, ‘catch up with’ na ‘put up with’, ikagundua yenyewe kwamba kuna utaratibu, ikaufuata hatua moja kupita mpaka. Hiyo ni akili inayotafuta mantiki ambayo mwalimu aliapa haipo.

Vijana wa mjini, kwa upande wao, hawajasubiri ruhusa. ‘Nime-give up’ inasikika Nairobi na Dar es Salaam kila siku, na wanaoilalamikia husema kukata tamaa kupo. Kupo, lakini ni kuzito. Anayesema ame-give up na foleni ya benki hajakata tamaa ya maisha. Amenyoosha mikono tu, ameondoka. Ningependa aseme amenyoosha mikono. Ila siwezi kusema hakuielewa ‘give up’, kwa sababu ameielewa kuliko orodha.

Ninachodai kwa watunga mitihani ni kidogo. Liondoeni lile swali la ‘badilisha maneno yaliyopigiwa mstari kwa neno moja’. Linapima kumbukumbu ya orodha, na humzawadia aliyeandika Kiingereza kigumu badala ya kizuri. Pimeni mahali penye uhai wa kitenzi. Mpeni mwanafunzi ‘give it up’ na ‘give up it’, muone kama anajua ni ipi haisemwi. Mpeni ‘give up smoking’ na ‘give up to smoke’. Kisha mpeni sentensi mbili hizi: ‘They gave her up’ na ‘They gave up on her’. Mswahili anayo njia ya kuzifikia, kwa kuwa naye hutenganisha kukata tamaa na kumkatia mtu tamaa kwa kuingiza irabu moja, kama Kiingereza kinavyoingiza ‘on’. Muulizeni ni msichana yupi aliyekabidhiwa kwa waliokuwa wakimtafuta, na ni yupi ambaye watu wake hawamtarajii tena lolote. ‘Abandon’ haitamsaidia kujibu.